Kipimio cha nozeli cha S60H kwa lori la jeshi linalofuka moshi

Ndani ya boksi mna pampu ya mkono yenye mpini mrefu, tangi dogo la mafuta juu yake lisilozidi lita moja, geji ya presha inayosoma kutoka 0 hadi MPa 40, yaani bar 400, kifungio cha kuikata geji, na paipu mbili za chuma: moja ya uzi wa M12x1.5, nyengine ya M14x1.5. Basi. Hicho ndicho kipimio cha nozeli, yaani cha vile vinyunyizio vinavyoingiza dizeli ndani ya silinda, kinachouzwa kwa jina la S60H. Viwanda vingi vinakitoa kwa sura ile ile na rangi tofauti. Hapa tunakipima kwa kazi moja makhsusi: kutafuta chanzo cha moshi kwenye lori la dizeli la kijeshi la zamani linalofufuliwa, liwe Bedford, IFA au jengine la rika hilo.

Hukumu tuitoe mapema, asiyetaka kusoma yote aondoke nayo. Mwenye injini ya silinda sita hapa Zanzibar ambaye fundi ameshamshauri ateremshe pampu ya dizeli ivushwe Dar es Salaam, kifaa hichi kinamfaa. Kwa nusu siku kitamwambia kama ugonjwa uko kwenye nozeli au haupo. Hakitamwambia lolote kuhusu pampu yenyewe, ringi za pistoni, taiming (wakati wa mafuta kuingia silindani) wala gaskiti, na muuzaji anayesema kinapima "mfumo mzima wa dizeli" anauza maneno.

Pafukapo moshi pana moto, ndivyo tulivyofunzwa. Kwa dizeli moshi mara nyingi ni mafuta yaliyokosa moto wa kutosha, na kabla ya kuyatafuta kwa spana inapasa kuyatizama kwa macho. Rangi peke yake haitoshi. Moshi unatoka lini, unakaa muda gani, unanuka nini.

Mweusi ni mafuta mengi kwa hewa chache. Kwa mazingira yetu pa kuanzia ni filta ya hewa, nozeli baadaye. Malori mengi ya jeshi ya zama hizo yana filta ya bakuli la oili: hewa inashuka, inagusa oili, vumbi linanasa, kisha wavu wa waya unamalizia kilichobaki. Lori likishafufuliwa halikai kama pambo, linapelekwa kubeba kifusi na mawe, na lile vumbi jeupe la chokaa linaigeuza oili ya bakuli kuwa uji. Mwaga, osha bakuli na wavu kwa dizeli, acha likauke, tia oili ya injini mpaka kwenye alama. Usipite alama. Oili ya ziada inavutwa na injini, na hapo utaanza kuukimbiza moshi wa buluu ulioutengeneza mwenyewe. Ukitaka kuhakikisha haraka, vua hozi ya filta, washa injini mahali pasipo vumbi, kanyaga mara mbili tatu huku nguo na vitambaa vikiwa mbali na mdomo wa hewa. Moshi ukipungua waziwazi, hukuwa na haja ya kipimio.

La pili husahauliwa mno. Pampu nyingi za zamani za mstari, zile zenye plunja (kijipistoni cha kusukumia mafuta) moja kwa kila silinda, zina kitufe cha mafuta ya ziada cha kuwashia injini ikiwa baridi. Kinatakiwa kirudi chenyewe injini ikishashika. Hewa yetu ya chumvi haibakishi chuma, na kitufe kikikwama kwa kutu injini inakunywa mafuta ya kuwashia mchana kutwa. Dalili yake ni moshi mweusi tititi huku nguvu zipo na tangi linakauka. Dawa yake ni mafuta ya kulainisha kutu na uvumilivu. La tatu ni skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta kwenye pampu, ile inayofungwa kwa waya na lakiri. Ukikuta lakiri imekatwa, jua kuna mtu alitaka nguvu zaidi kabla yako, na moshi ndio malipo yake.

Mweupe ni wa aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ule unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyopita bila kuungua: injini baridi, kompresheni (mbano wa hewa silindani) ndogo, taiming iliyochelewa, maji au upepo ndani ya mafuta, nozeli inayotiririsha. Ule usionuka dizeli na unaopotea karibu tu na bomba kama mvuke wa birika ni maji. Weka kipande cha kioo kikavu nyuma ya eksozi kwa sekunde chache. Ukipata utando unaoteleza kidoleni, ni dizeli. Ukipata maji matupu, na injini imeshapata moto, na maji ya rejeta yanapungua kila siku, basi ni gaskiti ya silinda hedi au ufa, na nozeli waache walale. Mvuke kidogo asubuhi ya masika si ugonjwa.

Na ujue tabia ya lori lako kabla ya kulishitaki. IFA W50 ya Ujerumani Mashariki ina injini ya silinda 4 ya lita 6.56 inayofuata utaratibu wa MAN wa kunyunyizia mafuta kwenye ukuta wa bakuli la pistoni badala ya katikati ya hewa. Injini za namna hiyo zikiwa baridi zinafuka mweupe kwa maumbile, kisha zinatulia. Bedford MK ya jeshi la Uingereza, silinda sita na lita 5.4, ilitengenezwa iweze kula zaidi ya aina moja ya mafuta. Wamarekani nao waliifunga tabo (feni ya kusukumia hewa zaidi) injini ya lori lao la M35A2 kwa sababu kubwa ya kupunguza moshi, si kwa kutafuta kasi. Haya hayakuwa magari ya kupita mbele ya hoteli bila kuonekana. Unachokitafuta ni moshi uliozidi kawaida yake, na hasa moshi uliobadilika.

Hapo kwenye kula mafuta ya kila aina pana mtego. Wapo wanaosikia "injini ya mafuta mengi" wakamimina mafuta ya kukaangia yaliyotumika kutoka jikoni za mahoteli. Injini itawaka, ni kweli. Lakini mafuta hayo ni mazito, hayapasuki kuwa ukungu mzuri, na yanaacha gundi kwenye ncha ya nozeli na kwenye vijiringi vya pistoni. Ukiyatia kwenye kipimio utayaona kwa macho yako: badala ya ukungu zinatoka nyuzi.

Buluu ni oili ya injini. Ukitoka kwa pumzi moja kubwa asubuhi baada ya lori kulala, kisha ukaisha, ni gaidi za valvu (vimirija ambamo mashina ya valvu hupita): oili imeshuka usiku. Ukiongezeka kila unapokanyaga na mzigo, ni ringi au silinda. Kwa Pemba uwanja wa majaribio uko tayari, barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake ina milima ya kutosha. Panda na mzigo, mtu akae nyuma atizame; kisha shuka mguu ukiwa nje ya kanyagio na ukanyage tena chini ya mteremko. Moshi wa buluu unaofumuka pale chini unarudi kwenye gaidi. Unguja ni tambarare, itabidi utie mzigo na ushike gia ya juu kuliko inayostahili.

Kabla ya kuhukumu ringi pima kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda badala ya kushuka na oili inanuka dizeli, mpira wa pampu ya kuvutia mafuta umetoboka na dizeli inateremkia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hii si dosari ya moshi tu. Injini inaweza kuanza kula oili yake yenyewe, ikapanda mizunguko na isisikie funguo wala waya wa kuzimia. Daima kuwe na kipande cha ubao bapa karibu, cha kufunikia mdomo wa hewa. Si mkono, wala si shuka la kanga, litavutwa ndani.

Lori lililokaa miaka chini ya mwembe lina jambo jengine. Ringi zake zimenata kwa kutu na gundi, moshi wa buluu wa siku za mwanzo si kipimo cha uchakavu. Badilisha oili, endesha na mzigo, badilisha tena. Kuiacha inguruma taratibu uani saa nzima hakusaidii, kunaongeza masizi.

Sasa tunakaribia kipimio, ila kuna hatua moja kabla ya kuchomoa nozeli zote sita, nayo haigharimu kitu. Injini ikiwa inaguruma taratibu, legeza nusu mzunguko nati ya paipu ya presha kwenye nozeli ya kwanza, mafuta yavuje, sikiliza na tizama bomba. Kaza, nenda ya pili. Silinda ambayo ukiilegeza sauti haibadiliki ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Silinda ambayo ukiilegeza sauti inaharibika lakini moshi unakatika, hiyo ndiyo inayofuka. Vaa miwani na glovu, weka kitambaa chini yake, na epusha dizeli na eksozi ya moto. Moshi ukipungua kidogo kidogo kwa kila silinda, bila mmoja kujitokeza, tatizo ni la wote: hewa, taiming au pampu. Ukikatika kwa silinda moja au mbili, kipimio kina kazi.

Kuchomoa nozeli ndiko kunakoharibu vitu zaidi kuliko uchakavu wenyewe. Osha silinda hedi kwanza, mchanga ukidondokea tunduni utalia. Tia mafuta ya kulainisha kutu usiku mzima. Zungusha nozeli kushoto na kulia kidogo kidogo, usiikwanyue kwa bisibisi. Kila ikitoka iandike namba ya silinda yake, na mdomo wa kila paipu uzibe. Kisha tia kidole au waya tunduni utafute wosha ya shaba ya zamani. Hapa pana chanzo cha moshi kisichopimika kwa geji yoyote: wosha ya zamani imebaki chini, fundi akaweka mpya juu yake, nozeli ikanyanyuka kwa unene wa wosha moja, na mnyunyizo ukawa unapiga pasipo pake. Wosha ni moja. Ikibidi kurudia ile ile, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini ilainike, isugue iwe safi.

Kipimio kifungwe kwa bolti kwenye meza nzito. Mpini ni mrefu na nguvu inayotakiwa si ndogo. Kikifungwa kwenye ubao mwepesi, meza ndiyo inayopampu. Mafuta ya kukitia ni yale ya kupimia yenye kiwango cha ISO 4113, na yasipopatikana, dizeli safi iliyochujwa kwa kitambaa kizito na kutulia siku nzima. Mafuta ya taa yasitiwe, ni mepesi na yatakudanganya kwenye kipimo cha kuvuja.

Kitu cha kwanza cha kupima ni kipimio chenyewe. Ziba mdomo wa paipu kwa nati kipofu, pampu mpaka bar 200, uache. Mshale ukiteremka wakati hakuna nozeli, kinachovuja ni valvu ya ndani ya kipimio au maungio, na vipimo vyote utakavyofanya baadaye havina maana. Hii ndiyo aibu kubwa ya vifaa hivi vya bei nafuu: kimoja kinashika kama mwamba, cha pili kutoka boksi lile lile kinateremka. Mara nyingi ni uchafu wa kiwandani kwenye valvu. Kifungue, kioshe, kirudishe. Kisiposhika baada ya hapo, kirudi dukani. Kwa hiyo usikinunue bila ya kukijaribu palepale na nati mfukoni.

Nozeli ikishafungwa, funga kifungio cha geji na upige mpini haraka mara kadhaa kutoa upepo na uchafu. Geji ikiwa wazi wakati wa mapigo ya haraka mshale unagonga huku na huku, na baada ya wiki chache hausomi kweli tena. Wengi wanaharibu geji namna hii kisha wanalaumu kiwanda.

Presha ya kufunguka: fungua geji, sukuma mpini taratibu, mshale utapanda kisha utaanguka ghafla nozeli inapofunguka. Soma kilele. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha injini yako na ndiyo ya kufuata. Injini nyingi za zama hizo zinazonyunyizia moja kwa moja juu ya pistoni zinaangukia kati ya bar 170 na 220, na zile zenye chemba ya pembeni zinakuwa chini ya hapo, mara nyingi bar 100 hadi 150. La muhimu kama namba yenyewe ni kwamba zote sita zikaribiane, tofauti isizidi bar 5 hadi 10. Springi huchoka, kwa hiyo nozeli ya zamani hufunguka mapema: mafuta yanaingia kabla ya wakati na kwa matone makubwa, moshi mweusi na kugonga. Nozeli nyingi kongwe zina skrubu ya kukazia springi chini ya kofia, na nati ya kuifungia. Zisizo na skrubu hurekebishwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma juu ya springi), na mabadiliko ya 0.05 mm huleta bar 5 hivi.

Kudondosha: futa ncha ikauke kabisa, pandisha presha mpaka bar 20 chini ya ile ya kufunguka, shikilia sekunde 10. Ncha ikilowa kidogo inavumilika. Tone likining'inia na kuanguka, kitako cha sindano (kile kijiti cha ndani ya nozeli kinachofungulia na kufungia mafuta) hakifungi, na hicho ndicho kiwanda cha moshi mweupe wa asubuhi na mweusi wa mchana. Kipimo hichi pekee kinatosha kulipia kifaa. Hakuna fundi, hata awe na masikio ya popo, anayeweza kusikia tone hilo kutoka nje ya injini.

Mnyunyizo: funga geji tena, piga mpini kwa mapigo mafupi ya haraka. Kata chupa ya maji ya lita 1.5 katikati, weka karatasi nyeupe chini, nyunyizia humo. Nozeli ya matundu mengi inapaswa kuacha madoa yaliyolingana, moja kwa kila tundu. Doa lililokosekana ni tundu lililoziba. Doa refu kama ufagio ni tundu lililolika. Sikiliza pia: nozeli nzima inakoroma kwa mlio mkavu. Isiyokoroma si lazima iwe mbovu, zipo zilizochakaa kidogo zinazonyunyiza vizuri kimya kimya, lakini inayokojoa mshipa mmoja kama bomba la uani haihitaji majadiliano. Matundu yasafishwe kwa waya mwembamba maalumu unaoingia bila kulazimishwa. Sindano ya cherehani inayapanua.

Kuvuja kwa nyuma: pandisha hadi karibu na kufunguka, acha, hesabu sekunde mshale unavyoshuka kutoka bar 150 hadi 100. Chini ya sekunde 5 au 6, sindano imelegea ndani ya mwili wake na mafuta yanarudi kwenye tangi badala ya kuingia kwenye silinda. Kwa joto letu la nyuzi 30 na kitu dizeli ni nyepesi na sekunde zitakuwa chache kuliko za kitabu kilichoandikwa Ulaya. Linganisha nozeli zako sita wenyewe kwa wenyewe, siku moja, mafuta yale yale. Inayoachwa mbali na wenzake ndiyo mgonjwa.

Jambo la hatari lisemwe wazi. Mnyunyizo wa bar 180 unapenya ngozi. Mara ya kwanza hauumi sana, unaacha kidoa tu, na saa chache baadaye kidole kimevimba na dizeli iko ndani ya nyama. Huyo hapakwi mafuta ya karafuu, anapelekwa hospitali saa ile ile na daktari anaambiwa ni dizeli ya presha. Ule ukungu nao unawaka, kwa hiyo jiko, sigara na mashine ya kuchomelea viwe mbali.

Kinapokwama kifaa hichi kwa lori la jeshi ni kwenye maungio. Paipu zake mbili zinatosha kwa nozeli nyingi za Kijapani na za Kijerumani, lakini nozeli za Kiingereza za zamani zinaweza kuwa na uzi wa inchi. Uzi wa inchi ukilazimishwa kwenye M14 unaingia mizunguko miwili, unashika, kisha unaruka ukifika bar 150. Njia safi ni kukata paipu ya presha iliyokufa ya lori lile lile na kumpa mtu wa mashine ya kukereza aiunganishe na nati ya kipimio. Mtengenezaji angeweka adapta tatu kwenye boksi tusingekuwa na la kusema hapa.

La pili ni kutu. Rangi ya tangi na mpini ni nyembamba. Msimu mmoja wa kusi kwenye gereji iliyo wazi upande wa bahari, na bolti za chini zimeshapata ukoko. Kila ukimaliza mwaga mafuta, pampu mara chache kikiwa kitupu, kipake grisi nyepesi, kifunge kwa gunia la nailoni. Dizeli ikiachwa ndani inakusanya maji, na maji ndiyo yanayokula valvu yake.

La tatu ni geji, ambayo haina cheti chochote cha kuaminika. Ipime kwa nozeli mpya ambayo presha yake imeandikwa kwenye karatasi yake. Ikisoma bar 8 zaidi kila mara, andika "toa 8" kwa kalamu ya wino kwenye kioo chake, kazi iendelee. Geji inayokosea kwa kiasi kile kile inatumika. Inayobadilika badilika ndiyo ya kutupwa.

Ukigundua nozeli mbovu, usinunue kwa kulinganisha umbo. Duka za spea za Darajani na Mwanakwerekwe zitakuletea inayoingia na kukaza vizuri, na huko ndiko kosa linakojificha. Soma namba iliyochongwa kwenye mwili wake. Kwa nozeli za Bosch za matundu, zinazoanza na DLLA, namba inayofuata ni pembe ya mnyunyizo: DLLA 150 hunyunyiza kwa digrii 150. Ukiweka ya 140 inaingia bila ugomvi, lakini mafuta yanapiga pasipo pake ndani ya bakuli la pistoni, na moshi mweusi unarudi na nozeli mpya ndani. Na zibadilishwe zote kwa pamoja ikiwezekana, au angalau zilinganishwe presha zote sita kwenye kipimio, mpya na kongwe.

Nozeli zikipita vipimo vyote na moshi bado upo, kipimio rudisha kwenye gunia. Pima kompresheni, injini nzima ya aina hii inakuwa juu ya bar 20, na silinda iliyoachwa na wenzake kwa bar 3 au 4 ina la kusema. Ule mtindo wa kumimina oili kwenye silinda ili kujua kama ni ringi au valvu unafaa kwa petroli zaidi; kwenye dizeli nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo, oili yenyewe inapandisha kipimo na kukupotosha. Halafu taiming ya pampu kwa alama za kitabu. Pampu yenyewe iwe ya mwisho kuguswa. Ndiyo ghali kuliko vyote, na ikifunguliwa na mikono isiyo na benchi la kupimia hairudi ilivyokuwa.

Kwa gereji inayoshughulika na dizeli, kifaa ni lazima na pengine inafaa kutafuta kizito zaidi ya hichi. Mwenye lori moja achange na wenzake wawili, wakinunue pamoja. Nozeli hupimwa mara chache kwa mwaka, na kipimio kinachokaa bila kazi kwa hewa ya Unguja kinazeeka kabla ya lori.

Unaporudisha nozeli, safisha kitako chake kwenye silinda hedi kwa brashi, wosha mpya moja, kaza pande zote mbili kwa zamu robo robo ili ikae wima, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Paipu za presha ziache zimelegea upande wa nozeli, zungusha injini kwa stata mpaka mafuta yatoke bila mapovu, ndipo ukaze. Dakika za mwanzo itafuka mweupe na kugongagonga, ni upepo uliobaki na oili iliyoingia tunduni. Endesha kilomita 20 na mzigo, lori lipate moto sawasawa, kisha usimame nyuma ya bomba utizame tena.